Mafuta Hayaachi Shimo

Nilifeli moyo. Sizungumzii mapenzi, nazungumzia moyo wa nyama, wenye vyumba vinne na milango yake. Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi mjini Moshi. Huko kwetu Marangu watu walikuwa wameanza kung'oa kahawa na kupanda nyanya, na mitumba ilikuwa imetuvalisha makoti ya Wazungu tusiowajua. Mimi katika masomo mengine nilikuwa wa mbele. Kusafisha kidonda, kutandika kitanda mgonjwa akiwa bado amelala juu yake, kupima joto, yote niliyaweza. Moyo ukanishinda.

Mwalimu wetu wa mwili wa binadamu alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye miwani minene na sauti isiyopanda hata akikasirika. Alinunua moyo wa ng'ombe buchani, akauweka kwenye beseni, akaupasua mbele yetu. Alituonyesha kwamba upande wa kulia unapokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu, na upande wa kushoto unaipokea ikiwa imejaa hewa safi na kuisukuma mwili mzima. Ndiyo maana ukuta wa kushoto ni mnene, kwa sababu unasukuma mbali. Kati ya chumba cha juu na cha chini kuna mlango unaofunguka upande mmoja tu, na ule mlio tunaousikia kifuani ni milango hiyo ikijifunga. Niliyaandika yote kwa Kiingereza, nikayakariri kama nilivyokariri katekisimu nikiwa mdogo, bila kuona chochote.

Siku ya mtihani wa mdomo akaniuliza swali dogo. Damu imefika kwenye kidole cha mguu, sasa inakwenda wapi?

"Inaisha, mwalimu," nikasema. "Nyama inainywa."

Darasa lilicheka mpaka mmoja akadondosha kalamu. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini sikuwa nimesema ovyo, nilikuwa nimesema ninavyoamini. Mimi ni mtoto wa mfongo. Kwetu mlimani maji yanatoka msituni, yanapita kwenye mifongo, mifereji waliyoichimba mababu, yanashuka kutoka kihamba kimoja hadi kingine, yaani mashamba yetu ya nyumbani, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungua lango na kumwagilia. Migomba inakunywa, kahawa inakunywa, na mwisho wa mfongo ni udongo wenye unyevu. Hakuna mtu aliyewahi kuona maji ya mfongo yakirudi mlimani. Kwa hiyo kichwani mwangu moyo ulikuwa chemchemi, mishipa ilikuwa mifongo, na vidole vilikuwa migomba ya mwisho kabisa, pale maji yanapokauka.

Mwalimu peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaipangusa. "Damu haina shamba la kuishia," alisema. "Ni ile ile inazunguka. Ukishindwa kuiona ikirudi, hutamwona mgonjwa wako akizama." Akanipa mtihani wa marudio mwezi wa nane. Nikifeli tena, nirudi nyumbani nikachume kahawa.

Nilipanda Marangu kwa likizo ya Julai nikiwa nimenuna. Mlima ulikuwa umejifunika ukungu siku zote, na mimi pia nilikuwa hivyo. Mama yangu aliniambia niache kukunja uso, niende nikamsalimie dada yangu, ambaye alikuwa ndani ya uzazi wiki ya saba.

Dada yangu aliolewa kilima cha pili kutoka kwetu. Mume wake alikuwa mfanyabiashara wa Tarakea, anavuka mpaka na mzigo, anaonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mwenye nyumba hasa alikuwa mama mkwe wake. Na huyo mama mkwe alikuwa na sifa iliyovuka vilima, sifa ya kulea wazazi. Kwetu mwanamke akijifungua hatoki nje miezi mitatu. Hashiki jembe, hashiki ufagio, hateki maji. Anakaa karibu na moto, analishwa. Asubuhi mtori, mchana supu ya mifupa, jioni kiburu cha ndizi na maharage chenye magadi, katikati maziwa na mlaso, yaani damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa na mafuta. Siku akitoka anakwenda sokoni, na soko zima linamtazama. Akiwa mnene, anasifiwa yeye, na anasifiwa zaidi aliyemlisha. Akiwa mwembamba, mama mkwe anatafuta njia ya pembeni ya kurudi nyumbani.

Huyu mama hakuwahi kupita njia ya pembeni. Alikuwa amewatoa wake wa wanawe wakubwa wakiwa hawapiti vizuri mlangoni.

Nikaingia, nikatoa shikamoo, nikapelekwa chumbani. Dada yangu alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, mtoto kifuani. Uso ulikuwa umejaa, mikono imejaa, miguu imejaa mpaka vifundo havionekani. Na mimi, mwanafunzi wa uuguzi, niliyekwisha kupewa sare na saa ya kubandika kifuani, nikapiga vigelegele. Nikasema, "Dada, umependeza! Umekuwa kama mama wa mchungaji!" Mama mkwe akacheka kwa furaha akaenda kuchochea moto. Hilo sijalisahau. Kabla sijamlaumu mtu yeyote katika habari hii, nakumbuka kwamba na mimi nilipiga vigelegele.

Nilikaa pale nikimpa habari za mjini. Ndipo nikaanza kusikia jinsi alivyokuwa akinijibu. Alikuwa akiyakata maneno. Anasema mawili, anavuta pumzi. Anasema matatu, anavuta pumzi. Mara akakohoa, kikohozi kidogo cha maji, na pembeni mwa shingo nikaona mshipa umesimama kama kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa amekaa, na mshipa ule ulipaswa kuwa umelala.

"Miguu inawasha," akasema. "Nivue soksi."

Nikamvua. Soksi ilikuwa imeacha alama ya kuzunguka mguu, na alama ile ilikuwa na kina. Nikaweka kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, nikabonyeza, nikahesabu mpaka tano, nikatoa. Shimo likabaki. Nikalitazama lile shimo kwenye mguu wa dada yangu, halikujaa. Nikashika mkono wake, nikatazama saa yangu ya kifuani. Moyo ulikuwa unapiga mia na thelathini, mtu ameketi tu kitandani.

"Unalala hivi, umekaa, tangu lini?"

"Tangu mtoto atimize wiki tatu. Nikilala chali, nazama. Naamka nikitafuta hewa kama mtu aliyeanguka mtoni."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani?" alisema dada yangu, na machozi yakamtoka. "Kila anayeingia ananisifu."

Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa nimekunja ngumi. Badala ya kukaa nikafikiri, nilitoka mbio mpaka jikoni, ambako mama wa watu alikuwa akisonga kiburu kwa mikono miwili, jasho likimtoka kwa ajili ya dada yangu, nikamwambia maneno ambayo hadi leo yananichoma.

"Mama, dada anakufa humo ndani, na wewe unamnenepesha kama ng'ombe wa zizini!"

Aliacha mwiko ndani ya chungu, akageuka polepole. Mimi ni mrefu, yeye alinifika begani, lakini nilijiona ninapungua.

"Nimesikia umefeli shuleni," akasema. Marangu habari hazihitaji simu. "Umefeli huko, umekuja kufaulu jikoni kwangu? Toka."

Nikatoka.

Nilishuka kilima na kupanda kingine nikilia kwa hasira, halafu nikilia kwa hofu, maana nilipofika katikati ya njia nilianza kufikiri. Vipi kama nimekosea? Mimi ndiye niliyesema damu inaisha miguuni. Nani atanisikiliza? Na vipi kama sijakosea?

Mama yangu alinisikiliza akichambua maharage. Nilimweleza pumzi, mshipa, shimo, kila kitu. Nilitegemea ashtuke kwanza kwa ajili ya dada. Hakuuliza habari za dada kwanza. Aliuliza, "Umemwambia mama yule kwamba anafuga ng'ombe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hata ukiwa na ukweli wote wa dunia, hautaingia nyumba ile. Mlango umeufunga mwenyewe."

Akaweka ungo chini, akaenda mpakani mwa kihamba chetu penye mstari wa masale, akachuma jani moja refu, akalifunga fundo. Kwetu jani la isale si jani tu. Aliyekukosea akija nalo, akiletwa na mtu mzima, huwezi kumfukuza. Hata aliyekuulia ng'ombe. Ukilikataa isale, umejitenga na watu na waliokufa pia.

"Kwa hili atakusikiliza," alisema mama. "Kusikiliza tu. Kukubali ni kazi yako."

Tulirudi wote wawili saa hiyo hiyo, jua likiwa bado juu ya migomba. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni. Mama yangu akalishika jani kwa mikono miwili, akasema, "Mtoto wangu amekukosea, na mimi mzazi wake nimekukosea." Mimi nikapiga magoti kwenye majivu. Yule mama alilitazama jani muda mrefu. Nilijua hana la kufanya, na alijua kwamba najua, na hilo halikumfurahisha.

"Isale limekuja, nifanyeje?" akasema, akalipokea. "Haya, sema. Lakini mimi sikusoma. Usinitajie Kiingereza."

"Mama, moyo wa dada umechoka."

"Umechoshwa na nini? Hajashika hata ufagio."

Nikaanza na chumba cha chini cha kushoto, jina lake la chuoni likanitoka mdomoni. Akainua mkono. "Nimekuambia nini?"

Pembeni mwa mafiga palikuwa na udongo mkavu. Nikaokota kijiti, nikachora mstari kutoka juu hadi chini.

"Huu ni mfongo wa kwenu," nikasema. "Lango la huku chini likiziba, majani yakikwama, maji yanafanya nini?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama punguani. "Yanarudi nyuma. Yanapanda ukingo, yanaingia kwenye kahawa. Kila mtu anajua."

"Na yakikaa siku nyingi kwenye kahawa?"

"Panakuwa tope. Ukikanyaga, mguu unaacha..." Hakumalizia.

"Moyo wa dada hausukumi kama zamani, mama. Haupitishi damu yote inayofika. Damu inasubiri mlangoni, foleni inarudi nyuma, na maji yake yanavuja kwenye nyama. Yakivuja kwenye mapafu, anakohoa, hawezi kulala chali. Yakivuja miguuni, miguu inajaa."

Halafu akaniuliza swali.

"Mfongo unashuka tu. Damu ikishafika miguuni inafuata nini tena juu? Maji hayapandi mlima."

Lilikuwa swali la mwalimu wangu, limenifuata mpaka Marangu. Safari hii hapakuwa na darasa la kunicheka, palikuwa na dada yangu chumbani anakohoa.

"Damu haiishi, mama," nikasema. "Ni ile ile. Inashuka kwa mishipa yenye ukuta mgumu, ile inayodunda hapa mkononi. Ikifika mwisho, mishipa inakuwa myembamba kuliko unywele, nyama inachukua chakula na hewa, na damu inarudi kwa mishipa mingine, ile laini ya juu juu. Mishipa hiyo ina vilango ndani. Ukitembea, shavu la mguu linaibana, damu inapanda kidogo, kilango kinajifunga nyuma yake isishuke. Hatua nyingine, inapanda tena. Mpaka ifike kwenye moyo."

"Nani ameviona hivyo vilango?"

Nikaomba mkono wake. Ulikuwa mkono wa mwanamke aliyebeba majani ya ng'ombe miaka arobaini, mishipa imesimama minene juu ya mifupa. Kitabuni nilikuwa nimesoma jaribio moja, nikalikariri, wala sijawahi kulifanya. Nikabonyeza mshipa karibu na kifundo cha mkono kwa kidole kimoja. Kwa kidole kingine nikausukuma kuelekea kiwiko, kama mtu anayekamua utumbo wa mbuzi, nikakiondoa. Mshipa ukalala. Ulibaki bapa, mtupu, ingawa juu yake kulikuwa na damu tele. Damu ya juu haikurudi kuujaza, kitu fulani kiliizuia. Kisha nikaachia kidole cha chini, na mshipa ukajaa tena mbele ya macho yetu, kutoka chini kwenda juu.

Nusura nipige kelele. Nilikuwa nimeiona ikirudi. Kwa miezi mingi nilikuwa nimeyasema maneno yale bila kuyaamini, na sasa damu ilikuwa inapanda kwenye mkono wa mama aliyenifukuza.

Mama mkwe alirudia mwenyewe. Akabonyeza, akasukuma, akaachia. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mama yangu naye akajaribu wa kwake kwenye kona, akidhani hatumwoni.

Halafu yule mama akasimama, akaenda chumbani. Tukamfuata. Alipandisha kanga yake, akabonyeza muundi wake mwenyewe. Ngozi ikarudi papo hapo. Akabonyeza mguu wa dada yangu kwa dole gumba lake pana, akatoa, akainama kutazama. Shimo lilikaa pale, kubwa, umbo la kidole chake. Alilisubiri lijae. Alisubiri sana.

"Nimechinja wanyama wengi maishani," alisema hatimaye. "Mafuta hayaachi shimo."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika dada yangu mguu ule, na mabega yake yakaanza kutikisika. "Mwanangu, nilikuwa nakujaza maji nikijisifu," akasema. Dada yangu naye analia, mtoto analia, mama yangu analia. Mimi ndiye pekee sikulia, kwa sababu nilikuwa nahesabu pumzi zake na zilikuwa nyingi mno.

Lilibaki jambo la kutoka. Mzazi wa wiki saba haonwi nje, macho ya watu yanaweza kumdhuru yeye na mtoto. Mama yangu alianza kusema labda tungoje giza. Mama mkwe alimkatiza. "Mtoto wa watu hatafia kitandani kwangu kwa kuogopa macho." Akamfunika blanketi kuanzia kichwani, akafungua mwavuli juu yake ingawa mvua haikunyesha, akaenda kusimamisha pikapu ya jirani iliyokuwa inapeleka ndizi mjini. Jirani alishusha mikungu minne bila kuuliza. Dada alikaa mbele, wima, mlango ukafungwa kwa shida. Mimi na mama mkwe tulipanda nyuma, juu ya ndizi, yeye amempakata mjukuu hadi tulipofika chini kwenye joto.

Hospitalini daktari alimsikiliza mbele na nyuma, akamlaza akiwa ameegemea, akampa hewa ya mtungi. Alitueleza kwamba ni ugonjwa unaowapata baadhi ya wanawake karibu na kujifungua, moyo unatanuka na kulegea, na chanzo chake hakijulikani vizuri. Hakuna aliyemroga. Mama mkwe alisikiliza yote, akauliza jambo moja tu.

"Ni chakula changu?"

"Hapana, mama," alisema daktari. "Chakula chako hakikuleta ugonjwa. Ila chumvi na magadi vinashika maji mwilini, sasa tuviache." Niliona mikono ya mama mkwe ikilegea juu ya kanga. Alikuwa ameikunja tangu Marangu.

Walimchoma sindano ya kutoa maji, wakampa na kidonge cha kuutia moyo nguvu. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya ndoo. Dada yangu alikojoa kana kwamba kuna mtu amefungua lango. Kila asubuhi alipimwa uzito, na kila asubuhi kilo zilikuwa zimepungua. Mimi nilifurahi, wauguzi walifurahi. Mama mkwe alisimama kando ya mizani akiziona kilo zinaondoka, na nilijua anajikaza. "Kazi yangu ya wiki saba," aliniambia siku ya nne, "inamwagwa chooni." Halafu akacheka, na mimi nikacheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tunacheka pamoja.

Siku ya sita, mchana, nilikuwa nje nikianua nepi za mtoto. Nikasikia ukelele wa mama mkwe. Kila anayefanya kazi hospitali anaujua ukelele ule. Niliziacha nepi chini nikakimbia, na njiani nilikuwa nimeshamzika dada yangu, nimeshamlea mtoto, nimeshaacha chuo.

Dada yangu alikuwa amelala chali. Mito yote mitatu ilikuwa sakafuni. Mikono pembeni, mdomo wazi kidogo, kimya. Mama mkwe alikuwa ameshika kichwa. "Amenyooka!" alisema. "Nimegeuka kidogo tu, amenyooka!"

Nikashika mkono wa dada. Mwanzoni nikadhani ninasikia moyo wangu mwenyewe. Nikatulia. Wake ulikuwepo. Ulipiga polepole, pigo moja baada ya jingine, themanini na mbili kwa dakika, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu yeyote.

Dada akafungua jicho moja. "Mnanipigia kelele za nini?" akasema, sentensi nzima kwa pumzi moja. "Sijalala tangu mwezi wa sita. Niacheni."

Akageukia ukutani, akaendelea kulala. Nikakaa sakafuni kwenye mito, na hapo ndipo nililia machozi yote niliyokuwa nimeyaweka. Sijawahi kufurahi hivyo tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua. Mama mkwe akakaa karibu nami, akanipa ncha ya kanga yake nipangusie uso. "Aika, mwanangu," alisema. Asante. Mtu wa kitanda cha pili alidhani tumefiwa, akaanza kutupa pole.

Mtihani wa marudio nilifanya wiki mbili baadaye. Mwalimu aliniuliza damu inatoka wapi kwenda wapi, nami nikaanza, nikazungusha kutoka moyoni hadi kidole cha mguu hadi moyoni hadi kwenye mapafu na kurudi, nikamshika na mkono kumwonyesha vilango, mpaka akasema inatosha, amenielewa, wenzangu wanasubiri.

Dada aliruhusiwa akiwa na dawa zake na onyo kwamba asibebe mimba nyingine. Nyumbani mama mkwe alimpikia mtori usio na chumvi, na kwa kuwa aliona ni aibu mtu mmoja kula kitu kibaya peke yake, alikula naye bakuli kwa bakuli, akikunja uso.

Miezi mitatu ilipotimia, nilipanda kwa ajili ya siku ya kutoka. Nilitegemea watamficha. Dada alikuwa mwembamba, shavu limeingia, gauni la kutokea limeshonwa upya pande zote mbili. Lakini mama mkwe alimpitisha njia kuu, katikati ya wanawake waliopanga ndizi, taratibu, mtoto mgongoni mwake yeye. Watu walitazama. Wakanyamaza, na ukimya ule wa soko ulikuwa mkubwa kuliko matusi. Mwishowe mwanamke mmoja wa rika lake, waliokuwa wakishindana miaka yote, akashindwa kujizuia.

"Mama, mzazi wako mbona amekauka hivi? Umemnyima nini?"

Mama mkwe alisimama. Alimtazama dada yangu, aliyekuwa amepanda kilima kizima kwa miguu yake na alikuwa anapumua bila shida.

"Nimemnyima chumvi," akasema, kwa sauti ya soko zima kusikia. "Na kaburi."

Kisha akauliza bei ya ndizi.